Chujio Jekundu kwenye Pikapu ya Emanueli

Habari ya kifo cha Emanueli niliipata juu ya kaunta. Mteja mmoja wa Sikonge alikuja kununua pedi za breki, na huku akizigeuzageuza kutafuta ufa akasema kwa kupita tu kwamba kesho hatafungua gereji, wanamzika dereva mmoja wa zamani, yule mrefu aliyekuwa anaimba besi kwenye kwaya ya Moraviani. Nikamwuliza jina, ingawa nilishalijua. Nikamfungia pedi zake kwenye gazeti, nikamrudishia chenji yake bila kukosea, kisha nikafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kwa malaria. Asubuhi iliyofuata nikapanda basi kwenda kuzika. Barabara ya Sikonge siku hizi ni lami. Unakaa kwenye kiti chako, miombo inapita dirishani, na unafika na gauni lenye rangi ileile uliyotoka nayo nyumbani. Abiria wenzangu walidhani ninamlilia marehemu, mama mmoja akanipa kitambaa chake na kuniambia nijikaze. Nasema ukweli, nusu ya safari nililia kwa hasira juu ya lami. Ingekuwepo mwaka ule, chujio lile lisingemdhuru mtu.

Nataka kuuandika mwaka huo mmoja tu. Nani alinizaa na nilisoma wapi, hayo hayana kazi hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nauza spea katika duka la Mzee Nassor, karibu na soko la Tabora, na nilijiona mjuzi wa magari kwa sababu nilikuwa nimekariri namba za gaskiti. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo isiyo na dirisha, taa moja, makasha hadi darini, harufu ya mpira na grisi inayoingia hadi kwenye nywele. Humo ndimo tulimokula mchana, watu watatu: Mzee Nassor, mimi, na fundi Sospeter ambaye gereji yake ilipakana na ukuta wetu. Siku za kawaida nilipika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, nikayaunga kwa karanga. Ijumaa pilau ilitoka nyumbani kwa Mzee Nassor kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mzee Nassor alipenda kutukumbusha kwamba babu zake walifika Tabora kwa miguu na misafara ya pembe, miezi mitatu kutoka pwani, na kwamba vumbi walilokula ndilo hilihili tunalolikung'uta kwenye viatu. Sospeter alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwuliza pembe hizo zilibebwa na nani. Mzee Nassor alicheka, naye Sospeter akachota tonge lingine. Nilikipenda chumba kile kuliko mahali pengine popote duniani.

Mwanzoni mwa kiangazi likaja kasha kutoka Dar es Salaam lenye vyujio vya hewa ambavyo hatukuwa tumewahi kuviona. Si vile vya karatasi vya kutupa, wala si lile bakuli la chuma la magari ya zamani, ambalo unaweka oili chini, hewa inaipitia na vumbi linanasa humo, na kila wiki unamwaga tope na kuweka oili mpya. Hivi vilikuwa vya umbo la pia, ile wanayochezea watoto, pamba iliyolowekwa mafuta mekundu ndani ya wavu, na kila kimoja kilikuja na kichupa kidogo cha mafuta yake. Karatasi iliyofuatana navyo ilisema vinavuta hewa nyingi zaidi, injini inapata nguvu, mafuta yanapungua, na huvitupi kamwe: unafua, unakausha, unapaka, unarudisha. Nilivipanga mbele ya kaunta vionekane kutoka barabarani. Nilikuwa sijui chochote juu yavyo zaidi ya karatasi ile, nami nikaisoma kwa wateja kwa sauti ya mtu aliyeviunda.

Wa kwanza kuvutiwa alikuwa Emanueli, na alivutiwa kwa sababu muuzaji ni mimi. Tulikuwa wachumba. Alikuwa na pikapu ya dizeli iliyokuwa imezeeka kabla hajainunua, rangi imebaki kwenye milango tu, na kwa pikapu hiyo alikuwa anateremsha asali, nta na abiria kutoka Sikonge hadi Tabora mara tatu kwa wiki. Mpango wetu ulikuwa mfupi na kila mtu aliujua, hata padri wangu na mchungaji wake, ambao walikuwa bado wanavutana nani atatufungisha: pikapu ifanye kazi kiangazi kizima, mvua zikianza tufunge ndoa. Hakukuwa na mpango wa pili. Pikapu ikifa, na sisi basi. Emanueli alilisema hili kwa utani, akipigapiga boneti, na mimi nilicheka kwa sababu nilikuwa na umri wa kucheka mambo hayo.

Sospeter ndiye aliyelifunga chujio, bila furaha. Alifungua lile bakuli la chuma, akalifuta, akauliza mara mbili kama tuna hakika, kisha akaliweka lile chujio jekundu mdomoni mwa bomba na kukaza klipu. Emanueli akaniambia niingie twende tukaijaribu. Tulichukua njia ya Isikizya, asubuhi, barabara tupu, hakuna gari mbele yetu. Injini ilikuwa inanguruma kwa sauti nene ambayo hatukuizoea, na kila alipokanyaga mafuta ilifoka. Emanueli alikuwa anacheka peke yake. Akasema sasa imechanganya, akasema hii si pikapu ile, akasema mama spea umenipa gari jipya. Nami niliisikia nguvu hiyo, naapa niliisikia hadi kiunoni. Tuliporudi nikalichukua lile bakuli la chuma, nikaliweka stoo chini ya rafu, nikasema tutampa mwenye shida nalo.

Leo nina duka langu, na wateja vijana bado wananiuliza kama vyujio vya namna hii vina maana kwenye gari la zamani. Ninawajibu kwa ukali ambao hawaustahili. Nawaambia injini ya zamani haina njaa ya hewa. Aliyeiunda aliipa hewa inayoitosha, na chujio la kawaida, likiwa safi, linaipitisha yote. Unachokisikia ni sauti. Ukitoa bakuli lililokuwa linaziba mlio, mlio unatoka, na sikio linauita nguvu. Kwenye lami labda hupotezi kitu zaidi ya hela yako. Kwenye vumbi letu, lile laini la kiangazi ambalo ukilishika halina hata chembe, chenye matundu ya kuvuta hewa nyingi kina matundu ya kuvuta na unga wake. Wananisikiliza kwa heshima, halafu wanakwenda kununua duka la jirani. Mtu anayetaka sauti ile huwezi kumnyima, nami nilikuwa mmoja wao.

Ilikuwa yapata wiki tatu baada ya kulifunga. Nilikuwa nje ya mlango wa stoo nikiosha sahani, Sospeter na Mzee Nassor wako ndani na chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Sospeter alikuwa anaongea polepole. Alisema amefungua gari la mtu mwingine aliyenunua chujio kama lile, akatia kidole ndani ya bomba, upande wa injini, kidole kimetoka na vumbi. Alisema vitu hivi ni vya watu wa lami, huku vinapitisha unga, na unga ukikutana na oili unasaga injini taratibu bila kelele. Mzee Nassor akamwuliza kama amemwambia mtu. Sospeter akasema hajamwambia, lakini yule kijana wa Leokadia, yaani mchumba wangu, lazima aambiwe, arudishiwe bakuli lake. Mzee Nassor akasema kasha bado halijauzwa hata nusu, tusubiri tuone, na mambo ya Leokadia Leokadia mwenyewe atajua. Niliendelea kuosha sahani moja muda mrefu sana.

Siku mbili baadaye Emanueli aliegesha mbele ya duka akavuka kwenda kunywa chai. Nikafungua boneti. Nililegeza klipu, nikatoa chujio, nikatia kidole ndani ya bomba. Kilitoka na utandu mwekundu, laini, uliochanganyika na mafuta. Nikausugua kati ya vidole viwili, nikausikia ukikwaruza. Nilijua maana yake kuliko mtu yeyote pale mtaani, kwa kuwa nilikuwa nimeisikia ikielezwa neno kwa neno. Nikajifuta kwenye upindo wa gauni, nikarudisha kila kitu, nikafunga boneti. Emanueli akarudi, akaniona nimesimama pale, akaniuliza gari lake linaendeleaje. Nikamjibu kwamba ni safi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilikuwa nawaza nini. Niliogopa kazi, ndiyo. Lakini zaidi niliona aibu. Alikuwa amewaambia watu wote wa Sikonge kwamba mchumba wake ni mtaalamu, amemchagulia kifaa ambacho hata madereva wa mjini hawana. Nikajiambia nitamwambia Jumamosi. Jumamosi ilipofika nikasogeza makasha mawili ya mkanda wa feni mbele ya bakuli lile la chuma ili nisilione ninapokula.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo karatasi ile isingeweza kulijua. Mwezi uliofuata nilisafiri na Emanueli kwenda Sikonge kusalimia kwao. Kwenye njia ile magari yalitembea kwa kufuatana, sababu ukiharibikiwa katikati ya msitu wa mbung'o msaada wako ni aliye mbele au nyuma yako. Emanueli alikuwa akifuatana na Mzee Maganga, mwenye lori la tumbaku, aliyemfundisha kuendesha. Tulimkuta anapakia, Emanueli akashuka, akamwamkia kwa mikono miwili, "Mwangaluka, baba," akaulizia wa nyumbani mmojammoja, kisha akasubiri mpaka lori liondoke ndipo tukaondoka. Kwa saa mbili tuliendesha ndani ya wingu. Vioo tumevifunga kwa ajili ya mbung'o, jasho linatutiririka, mbele hatuoni kitu ila taa mbili nyekundu zinazotokea na kupotea. Kila pumzi ya injini ile ilikuwa pumzi ya vumbi la Mzee Maganga, na chujio lilikuwa wazi chini ya boneti mbele ya magoti yangu.

"Mpite," nikamwambia. "Hapa pana upana. Piga honi umpite."

"Nimpite Mzee Maganga?" Aliniangalia kama nimemwambia akamwibie. "Nimtimulie vumbi usoni mtu aliyenishikisha usukani?"

Nikamwambia basi abaki nyuma zaidi, vumbi litulie. Akanieleza kwa upole, kama mgeni, kwamba mzee anaangalia kioo. Asipokuona anasimama kukungoja, na kumsimamisha mzee mwenye mzigo ni utovu mwingine wa adabu. Hivyo ndivyo walivyotembea mara tatu kwa wiki, kiangazi chote. Nilikuwa na maneno kinywani. Ningesema tu kwamba chujio halifai, angesimama hapohapo. Badala yake nikamwomba maji, akanipa chupa, nikanywa, tukaendelea. Kwao walitupikia uyoga wa porini na ugali wa mtama. Mama yake aliniita mkwe na kunipa kisahani cha asali ikiwa bado na masega yake, akasema wamesikia nilivyolitibu gari la mwanawe. Nikala yote na kulamba vidole.

Moshi wa bluu ulianza mwishoni mwa kiangazi. Kwanza asubuhi tu, kisha siku nzima. Alianza kubeba galoni ya oili nyuma ya kiti, anaongeza akifika Tabora, anaongeza akirudi. Pikapu ikawa haiwaki bila kusukumwa na abiria wake mwenyewe. Emanueli alikonda. Alikuwa anakuja dukani, anakaa kwenye kiti cha wateja, nami nampa ushauri wa kipumbavu: badilisha nozeli, jaribu oili nzito. Sospeter alipokutana nami mlangoni alikuwa ananitazama na kuondoka. Wiki moja kabla ya mvua, pikapu ilizima njiani ikiwa na madumu ya asali na watu sita, haikuwaka tena. Mzee Maganga aliivuta kwa kamba mpaka mjini. Walisema aliivuta polepole sana, kwa adabu, na vumbi lote likawaendea waliovutwa.

Sospeter aliifungua injini kesho yake, sisi wote tumesimama: mimi, Mzee Nassor, Emanueli. Slivu, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zilikuwa zimelika hadi zina ukingo unaoushika kwa ukucha. Ringi za pistoni alizozitoa zilikuwa nyembamba, kali pembeni, akazipanga moja moja juu ya gazeti. Akasema hii si ya kutengeneza, inataka injini nyingine. Injini nyingine Emanueli hakuwa na uwezo nayo, na sote tulijua. Akachuchumaa mbele ya lile gazeti muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi, si fundi.

"Leokadia, nisamehe," akasema. "Mwezi uliopita nililifua chujio nikalirudisha kavu. Kichupa cha mafuta kilikuwa kimeisha, nikaona haya kukusumbua. Uliniamini na kitu chako, nimekuharibia."

Ringi zile hazikulika kwa mwezi mmoja. Sospeter alijua, Mzee Nassor alijua. Sospeter alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia mikono, akasimamisha mikono yake na kuningoja. Alinipa muda wa kutosha. Kwa hilo siwezi kumlaumu. Mimi nikasema, "Ungeniambia tu, Ema." Hayo ndiyo maneno yangu yote. Emanueli akaitikia kwa kichwa kukubali kosa. Sospeter akatoka nje kunawa, na tangu siku ile hakula tena nasi stoo, akawa anakula peke yake upande wake wa ukuta.

Ndoa Emanueli mwenyewe aliomba tuiahirishe. Akaenda kuajiriwa udereva wa watu, Mpanda huko, baadaye akarudi Sikonge. Alikuwa akinipigia simu Jumapili, na kila simu alianza kwa kuomba msamaha kabla hajanisalimia. Sikuweza kuvumilia kupendwa namna hiyo. Nikaanza kuchelewa kupokea, kisha nikaacha kabisa, na watu wa kwao wakaelewa, kama ilivyo rahisi kuelewa, kwamba msichana wa mjini amemkimbia aliyeishiwa gari. Sikuwakatalia, na hata hilo niliona ni nafuu kuliko ukweli.

Kaburini kaka yake alisoma wasifu wa marehemu. Kuzaliwa, ubatizo, kwaya, watoto wanne. Akafika mahali akasema marehemu aliwahi kumiliki gari lake mwenyewe katika ujana, likafa kwa uzembe wake, kama alivyopenda kuwasimulia vijana ili wajifunze kutunza vitu. Watu wakaguna kwa upendo, wengine wakatabasamu, inaonekana walikuwa wameisikia mara nyingi. Nilisimama nyuma na ua langu la plastiki. Baada ya wali na maharage, mjane wake, Mama Neema, akaniita ndani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, sauti imemkauka, na wanawake wenzake wakatupisha bila kuambiwa. Alijua mimi ni nani. Alinishukuru kwa kuja, akaniuliza safari, kisha akasema ana jambo moja.

Alisema kaka wa marehemu aliwahi kutaka wanunue gari kwa kuchangia, marehemu akakataa. Kanisa likataka kumkabidhi gari lake, akakataa. Aliendesha ya mabosi tu, na hata hayo alikuwa akiamka usiku mara mbili mara tatu kuyakagua. Alikuwa akisema mtu wa kusahau kama yeye hapaswi kukabidhiwa kitu.

"Dada, mimi nimeishi naye miaka kumi na minane," akasema. "Hajawahi kusahau hata kufunga dirisha. Sijawahi kuliamini neno lile. Wewe ulikuwepo. Ni kweli alilirudisha chujio kavu?"

Alinitazama kwa matumaini makubwa sana. Ilikuwa inamtosha nusu sentensi. Nje watu walikuwa wanaondoa viti, na mtoto wake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, ana urefu wa baba yake.

"Ni kweli," nikasema. "Alilirudisha kavu."

Mama Neema akainamisha kichwa, akakubali. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia ahsante, alitaka tu kuisikia kwa mtu asiye na sababu ya kumdanganya.